Kopo Lililopita Kiasi

Katika soko letu la Nkwaeso huhitaji redio ili ujue kama mambo yamekuwa magumu. Tega sikio upande wa mafundi bati. Nyundo zao zikilia taratibu, kwa vituo, wanatengeneza masanduku ya wanafunzi na majiko ya mkaa. Hayo ni maisha ya kawaida. Zikilia upesi na kwa sauti nene, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, ujue wanawake wamepeleka makopo yao kuinuliwa vitako.

Kopo hilo tunaliita olonka. Ni la bati, la mviringo, na kwalo tunapima mahindi, mchele na kunde. Mtu hasemi kilo wala gunia. Anauliza olonka ni kiasi gani, anasikia bei, anaamua kukaa au kupita. Basi hali ikibana, muuzaji hapandishi bei, kwa kuwa bei ina mdomo na itamfukuzia wateja. Analipeleka kopo kwa fundi, fundi analipindua na kuligonga kitako mpaka kiingie ndani kama tumbo la mwenye njaa. Kwa nje kopo ni lile lile. Kimo hakijabadilika, mdomo haujabadilika. Kilichopungua kiko gizani, chini ya kunde.

Si siri. Mnunuzi anajua. Akitoka hapo anarudi kwenye meza yake ya nyanya, na mafungu yake nayo yamepunguzwa nyanya moja moja. Tunaishi hivyo, tukifinyana polepole na kusalimiana asubuhi.

Katika safu nzima ya kunde, mwaka ule, ni Yaa Brago peke yake aliyekuwa hajaliinua kopo lake.

Ni mwanamke wa makamo, mrefu, na bega lake la kulia limeshuka chini ya la kushoto kwa miaka ya kuchota. Alizaliwa shambani, njia ya Wenchi, akaletwa sokoni na shangazi yake angali msichana mwembamba. Shangazi alimfundisha mambo machache. Alimfundisha kumwaga kunde kutoka juu kidogo, zishuke kwa sauti nzuri. Alimfundisha kujenga kilele juu ya mdomo wa kopo mpaka punje ya mwisho ikatae kukaa. Na mteja akisema “niongezee”, kama kila mteja wetu anavyosema, atie mkono guniani na aongeze, asitazame alichoongeza. Shangazi alikufa, Brago akabaki na kigoda. Amezaa watoto watatu nyuma ya kigoda hicho, wote wamekua na kwenda zao mijini, na huko wanampigia simu kumuuliza hali, nao wana hali kama yake.

Watu walidhani haliinui kopo kwa ucha Mungu. Fofie, jirani yake wa kushoto, alikuwa akimwita Mtakatifu.

“Mtakatifu Brago, leo unauza kunde au unatubu?”

“Nauza. Kutubu nakuachia wewe, una vya kutubia.”

“Mimi? Mimi kopo langu lina mimba tu.”

Mtu mmoja alipomuuliza sababu kwa dhati, Brago alifikiri kidogo, akajibu, “Kudanganya nako ni kazi. Mimi kazi ninazo.”

Sisi tuliomjua tuliona amesema kweli. Alikuwa amechoka uchovu ule usiotoka kwa kulala. Alikuwa akilala vizuri, na asubuhi anaamka, uchovu umemtangulia sokoni, umekaa kwenye kigoda unamngoja.

Bei ya kunde hupangwa na Nana Takyiwaa, malkia wa kunde, siku lori linapofika kutoka kaskazini, na safu nzima huifuata. Lakini bei ile ilipangwa kwa makopo yenye mimba. Brago angeifuata kwa kopo lake, kila olonka ingemtoka na kipande cha nyama yake. Kwa hiyo alitaja bei iliyo juu kidogo ya wenzake na kueleza: “Kopo langu lina kitako chake.” Wengi hawakungoja maelezo. Waliisikia bei, wakaona ni kubwa, na miguu yao ikawa imeshafika kwa Fofie.

Halafu redio ya fundi simu ikatangaza kwamba sedi, pesa yetu, imepata nguvu na dola imeshuka. Kwa miaka mingi tulikuwa tumewaambia wateja kwamba bei inapanda kwa sababu ya dola. Sasa walikuja wameshika viuno.

“Dola imeshuka, mbona kunde hazishuki?”

“Kunde hizi nilizinunua kabla haijashuka,” Brago alisema.

“Ilipopanda hukusema ulizinunua kabla haijapanda!”

Fofie ndiye aliyewajibu, akipepeta. “Mama, dola ikipanda, hupanda na lori. Ikishuka, hushuka kwa miguu. Ngojeni, iko njiani.”

Watu walicheka, wakanunua kwa Fofie.

Siku hizo alikuja msichana mwenye kitambulisho shingoni na kifaa chenye kioo kipana mkononi. Alikuwa ametumwa na chama fulani cha Accra kuwauliza wenye biashara ndogo wanaionaje hali. Viatu vyake vilikuwa vimepauka kwa vumbi na sauti yake imekauka kwa kuuliza.

“Mama, ukilinganisha na mwaka jana, biashara yako ni nzuri zaidi, ni ile ile, au ni mbaya zaidi?”

“Mwaka jana nilikuwa nalalamika,” Brago alisema. “Mwaka huu sina nguvu za kulalamika. Hiyo inaingia wapi?”

Msichana alitabasamu, akagusa kioo. “Mbaya zaidi. Na miezi sita ijayo unatarajia nini?”

“Natarajia lori.”

“Yaani kwa jumla, mama. Una matumaini, huna, au hujui?”

“Mwanangu, ningekuwa sina ningekaa hapa? Andika ninayo. Halafu andika nimechoka.”

“Na mimi niandike!” Fofie aliita. “Fofie ana matumaini ya mume wa pili. Tajiri. Mwenye lori.”

Msichana aliuliza bei ya olonka. Fofie akataja yake, Brago akataja yake. Msichana alitazama kopo hili, akatazama lile, akashusha sauti. “Najua, mama. Mama yangu anauza mahindi Nkoranza. Lakini humu hakuna mahali pa kuandika kitako.”

“Basi usiandike. Hata mimi nisingejua pa kukiweka.”

Msichana alishukuru. Kabla ya kuondoka alinunua olonka moja ya kunde ampelekee mama yake. Aliinunua kwa Fofie.

Brago hakumkasirikia. Kilichomnyima raha ni lori. Katika safu ya kunde nafasi haishikwi kwa urithi wala kwa kodi. Inashikwa na gunia. Lori likija, kila mwenye nafasi anashusha gunia lake, na malkia anapita kuona. Likija ukakosa kushusha, unasamehewa. Likija tena ukakosa, nafasi anapewa mwingine, bila ugomvi, kwa kuwa wanaongoja ni wengi. Lori lililopita Brago hakushusha: gunia lake la zamani lilikuwa limefika nusu tu, na pesa ya gunia jipya ilikuwa bado imo ndani ya gunia hilo la zamani, katika umbo la kunde. Lori jingine lilikuwa linatazamiwa wiki iliyofuata. Tayari mke wa dereva mmoja, mwanamke mwenye nguvu na meno mazuri, alishapita na kupima upana wa nafasi ya Brago kwa kitenge chake, huku akijifanya anakikunja.

Na fukusi walikuwa wameanza. Asubuhi Brago akipitisha mkono ndani ya gunia, unatoka na vumbi jeupe.

Mteja mmoja tu ndiye aliyekuwa akimshikilia. Hajia Sakinatu anapika waakye, wali wetu wa kunde, huko stendi, na madereva wote wa njia ya Kumasi hula kwake kabla hawajawasha injini. Kila asubuhi alinunua kwa Brago kunde za chungu kizima. Walikuwa wakiitana kastama, muuzaji kwa mnunuzi na mnunuzi kwa muuzaji, kama ilivyo desturi yetu. Kwa Hajia peke yake gunia lingefika chini kabla ya lori, kwa kukazana. Brago alikuwa amelipigia hesabu hilo kimoyomoyo.

Ndipo Hajia akaacha kuja. Asubuhi ya kwanza Brago alisema Hajia ana homa. Asubuhi iliyofuata alisema amesafiri. Baadaye hakusema kitu, alitazama tu njia ya stendi kila mtu alipoinamisha kichwa kuingia chini ya paa.

Alipokuja hatimaye, Hajia hakuwa na beseni.

“Kastama,” alisema.

“Kastama. Umepotea. Nilidhani umeolewa tena.”

“Nani aoe mwanamke anayenuka moshi?” Alikaa kwenye ukingo wa gunia bila kukaribishwa, akashika magoti. “Nimekuja kukugombeza, na sijui nianzie wapi, maana kosa huna.”

“Anzia kwenye hilo kosa ambalo sina.”

“Kopo lako ni kubwa mno.”

Fofie aliacha kupepeta.

“Rudia,” Brago alisema.

“Kubwa. Limepita kiasi. Hebu nisikilize. Chungu changu kinapikwa kwa makopo. Mchele mbili, kunde moja. Mama yangu alipika hivyo, na mama yake. Sasa mchele nanunua safu ya mchele, na huko wameinua vitako wote, hakuna aliyebaki. Mbili zao si mbili tena, ni moja na salamu. Halafu nakuja kwako, wewe unanipa moja ambayo ni moja kweli! Nikimwaga, kunde zinajaa, mchele unapotea. Madereva wananiuliza, Hajia, leo umepika waakye, au umepika kunde na mchele umekuja kutembea tu?”

Fofie alijifunika uso kwa ungo.

“Cheka,” Hajia alimwambia. “Yule mwenye basi la bluu amenijia juzi. Anasema abiria wake walifungua madirisha yote mpaka Kumasi. Na mvua ilikuwa inanyesha!”

Hapo hata Brago alicheka, na kicheko kilimtoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Kisha akasema, “Si upunguze tu. Chota olonka, urudishe kiganja.”

“Kiganja cha nani? Mimi sipiki siku hizi, mgongo umekataa. Anapika mke wa mwanangu. Nimemfundisha mbili kwa moja. Nimwambie mbili kwa moja kasoro kiganja? Ataniuliza chako au changu. Na safu ya mchele wakiinua tena, nimwambie kasoro viganja vingapi? Huyo atakuwa si mpishi tena, ni mhasibu.”

Hajia akawa anaokota punje zilizoanguka na kuzirudisha guniani moja moja.

“Siku hizi zote nimemtuma mtoto kununua kwa Fofie,” alisema bila kuinua macho. “Chungu kimekaa sawa.”

Fofie aligundua ghafla kwamba ungo wake una kazi nyingi.

“Za kula nyumbani na wanangu nitakuja kununua kwako,” Hajia aliendelea. “Wallahi. Lakini za biashara, kastama, mimi nafanyaje? Inua kitako, uuze bei ya wenzako, nirudi. Mimi sitaki kununua kwa huyu. Anaongea sana.”

“Nimesikia!” Fofie alisema.

“Ndiyo maana nimesema kwa sauti.”

Hajia alipoondoka, Brago alikaa muda mrefu mikono ikiwa mapajani. Tangu siku za shangazi yake alikuwa amejilinda dhidi ya neno moja tu, kwamba kopo lake ni dogo. Alikuwa ameweka majibu ya neno hilo tayari, makali, yamenolewa. Neno lililomjia lilitoka upande ambao hakuwa ameweka mlinzi. Maana kiasi ni kile ambacho watu wamekubaliana, hata kama wamekubaliana kwa kunyamaza. Aliyebaki peke yake na kiasi cha zamani ndiye aliyepotoka, na akiendelea kukishika atawafungulisha watu madirisha kwenye mvua.

Jioni, nyumbani, mume wake Bio alikuwa ametangulia kuketi, amenyoosha goti lake baya juu ya benchi. Bio ana mikorosho kadhaa. Chakula kilipokuwa mbele yao Brago akamuuliza, “Ukiuza korosho, mizani ya yule mnunuzi ni ya kweli?”

“Sijawahi kuiuliza.”

“Na ikiwa inasema uongo?”

“Nitafanya nini? Nizirudishe mtini?” Alimtazama mkewe. “Kuna nini?”

“Hakuna.”

“Basi ni hakuna kubwa. Hujala.”

Kesho yake Brago alilifunga kopo ndani ya kitambaa, kama mtu anayepeleka kuku kwa mganga, akaenda kwa Mumuni.

Mumuni ni fundi bati mwenye mikono mifupi na mdomo mrefu. Huwaambia wanawake wanaompelekea makopo kwamba katika soko hili yeye ndiye waziri wa fedha: akigonga kidogo bei imepanda kidogo, akigonga sana Mungu atusaidie. Alipomwona Brago aliinuka.

“Mama! Umeleta jiko?”

“Nimeleta kopo.”

Mumuni alilitazama lile furushi, hakulipokea. “Linavuja?”

“Halivuji. Ndiyo shida yake.”

Alielewa. Alikaa tena, akapangusa paji la uso kwa mkono wenye masizi. “Mama Brago, mimi kunde za nyumbani mke wangu anachukua kwako. Ananilaani kila siku, anasema sufuria yetu imepungua na aliyeipunguza analala naye kitanda kimoja. Likabaki kopo moja tu sijaligusa, tunalila hilo. Nikiligonga hili, nimejigonga mdomoni mwenyewe.”

“Basi kataa.”

“Nikikataa utakwenda kwa Iddrisu. Iddrisu atakutobolea.” Akanyoosha mikono. “Lete. Kiasi gani?”

“Kama la Fofie.”

“La Fofie la mwaka jana au la juzi?”

Brago hakujua. Alifikiri, kisha akasema, “Kiasi cha chungu cha Hajia. Mchele mbili, kunde moja. Kikae sawa.”

Mumuni alikuna shingo. Nyuma yake kulikuwa na olonka ya mmoja wa safu ya mchele, iliyokuwa ikingoja kutiwa mshikio. Aliichukua, akaijaza maji mpaka mdomoni, akayamimina yote ndani ya kopo la Brago, polepole, bila kumwaga tone.

Maji yalitulia. Hayakufika juu. Kati ya maji na mdomo wa kopo palibaki pengo, na ndani ya pengo hilo bati lilikuwa safi na linang'aa, limesuguliwa na kunde za miaka yote. Wote wawili walilitazama. Hawakuwa wamewahi kuliona likiwa hivyo, peke yake, likiwa na umbo. Mle ndimo ulimokuwa mlo wa mtoto wa mwisho. Mle ndimo walimokuwa watu waliohamia kula mara moja kwa siku wakasema ni kwa ajili ya afya.

“Kumbe ni hili,” Mumuni alisema.

“Gonga,” Brago alisema.

Aliyamwaga maji, akalipindua kopo juu ya chuma, akaligonga. Aligonga, akajaza maji, akapima, akagonga tena. Bati lilikuwa la zamani, nene, na lilikataa kwa muda. Kisha likakubali, na likiisha kukubali halikuhitaji nguvu. Mara ya mwisho maji yalifika mdomoni yakasimama, yametuna kidogo, kama jicho linalotaka kulia lakini limezuiwa.

Brago alitoa pesa. Mumuni alirudisha mikono nyuma.

“Acha tu, mama.”

“Chukua. Ukifanya bure itakuwa dhambi ya marafiki. Chukua, iwe kazi.”

Alichukua.

Fofie alikuwa amesikia nyundo. Alimngoja Brago akae, apange kitambaa, amwage kunde za kwanza na kujenga kilele. Kisha akasema, “Karibu duniani, Mtakatifu.” Alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja vizuri. Baada ya kitambo akaongeza, kwa sauti ya chini, “Sasa na mimi nitamtania nani?”

“Utapata mwingine.”

“Nani? Wote tumeisha.”

Bei ya Brago ikawa bei ya safu. Watu walisimama. Jambo hilo lilimshangaza zaidi kuliko yote: walisimama tu, kama vile hawakuwahi kupita. Hajia alirudi na beseni lake na kunde zikaenda stendi, na madereva, nasikia, walikula wakanyamaza. Gunia lilianza kushuka. Mwanzoni mkono wa Brago ulimsumbua. Ulikuwa umezoea kina kirefu, na sasa kopo lilijaa kabla mkono haujamaliza kumwaga, kunde zikaruka na kutawanyika kwenye kitambaa. Alikuwa akiziokota. Siku hizo hata jioni, akichovya tonge, mkono ulisimama mapema, kama kwamba na bakuli limeinuliwa kitako.

Mmoja wa wateja wake wa zamani ni Maa Afrakoma, mjane anayelea wajukuu. Yeye huja siku ya soko kubwa, ananunua olonka moja, na hiyo inamtosha mpaka soko jingine. Siku hiyo aliuliza bei na akafurahi.

“Umeshusha! Nilisikia dola imeshuka, sikuamini.”

Brago aliliweka kopo mbele yake, tupu, kama mtu anayefungua mlango na kukaa kando. Maa Afrakoma alitia vidole ndani, kama wanavyofanya wanunuzi kwenye meza nyingine zote, na ambavyo kwenye meza hii hakuwahi kufanya. Vidole vilifika chini mapema. Vilikaa huko.

“Aa,” alisema. “Na wewe?”

“Na mimi.”

Maa Afrakoma aliutoa mkono wake, akaupangusa kwenye kitenge ingawa haukuwa na kitu. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

“Basi nipimie mbili,” alisema. “Wale wajukuu wangu hakuna aliyewainua kitako.”

Brago alipima mbili, akajenga vilele virefu kadiri alivyoweza, kisha akatia mkono guniani akaongeza, akatia tena. Alitia mpaka Maa Afrakoma akamshika kifundo cha mkono.

“Inatosha, Yaa. Utakula nini?”

Gunia liliisha siku mbili kabla ya lori. Brago alilikung'uta nje ya paa, vumbi la fukusi likapeperuka, akalikunja na kulikalia.

Lori lilifika mchana, jua likiwa kali, limefunikwa turubai na limeinamia upande mmoja. Wanawake wa safu walikwenda wote pamoja, wakipigiana kelele, kila mmoja akitaka asishushiwe gunia la chini lililolowa. Mke wa yule dereva naye alikuwepo, amesimama pembeni na meno yake mazuri, anangoja kuona. Brago alilipa. Vijana walimshushia gunia lake miguuni.

Alilitazama. Alilikumbatia ili alivute, na kichwa cha gunia, pale uzi unapofunga mdomo, kikamfikia chini ya kiuno. Magunia ya miaka yote yalikuwa yakimfikia juu ya kiuno. Mwili wake ulijua hivyo. Alipapasa mshono. Gunia lilikuwa limekatwa na kushonwa upya, kwa uzi mzuri, kazi ya mtu mwenye subira.

Aliinua uso kwa dereva wa lori, ambaye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha gurudumu anakunywa maji.

“Bwana, kumbe na huko kaskazini kuna Mumuni?”

Dereva hakumjua Mumuni, lakini alilielewa swali. Alimeza maji yake. “Mama, wakulima wa huko nao wananunua mbolea. Kila mahali yupo.”

Fofie alikuwa amepapasa lake pia. Walitazamana juu ya magunia mawili mafupi. Fofie alishika pembe moja ya gunia la Brago, Brago akashika nyingine, wakaliburuta mpaka chini ya paa na kulisimamisha mahali pake. Kisha wakarudi kuliburuta la Fofie.

Nana Takyiwaa alipita saa kumi akikagua safu, na fimbo yake na kofia yake ya ukindu. Mbele ya nafasi ya Brago alipunguza mwendo. Aliliona gunia. Mke wa dereva, nyuma yake, naye aliliona, akakikunja kitenge chake, safari hii kwa kweli, akaondoka. Malkia aliitikia salamu ya Brago, akaendelea mbele.

Brago alikaa kwenye kigoda. Hakuwa na furaha, wala hakuwa na huzuni ya kutosha kumfanya ainuke. Alitafuta ncha ya uzi kwenye mdomo wa gunia, akaipata, akaanza kuufumua taratibu, kwa sababu uzi kama huo, ukifumuliwa bila kukatika, hufaa kwa kazi nyingine.